Hilux ya zamani inasumbua umeme kila masika: nimebadilisha betri mbili na altaneta, tatizo linarudi

Muulizaji, Wete

Assalaamu alaykum ndugu zangu mafundi na madereva.

Nina pikapu ya Toyota Hilux ya mwaka 1994, injini ya dizeli ya 3L, ambayo mimi si mwenyewe wa kwanza wala wa tatu. Hapa Pemba, alfajiri inachukua samaki Tumbe na kuwafikisha Chake Chake, siku za bamvua inabeba mwani mbichi kutoka Makangale, na msimu wa karafuu ukiingia inabeba magunia. Injini yenyewe haina lawama. Kinachonitesa ni umeme, na kila masika yakianza mateso huzidi. Kiangazi hupungua kidogo, nikadhani nimepona, kumbe bado.

Nitaeleza dalili zote kwa sababu sijui kama ni ugonjwa mmoja au ni magonjwa kadhaa yaliyokutana. Ninapowasha, siku nyingine stata hutoa mlio mmoja tu, "tak", kisha kimya. Zipo siku ambazo mlio huo unakuja na taa za dashibodi zinafifia karibu kuzimika, na zipo siku ambazo taa hazishuki hata kidogo, zinang'aa kana kwamba sijagusa ufunguo. Vijana wa sokoni wakiisukuma, inawaka. Usiku nikikanyaga breki, taa ya nyuma ya kushoto hufifia badala ya kuongezeka mwanga, na nikiweka indiketa ya upande huo, taa ndogo nayo hukonyeza pamoja nayo. Jambo la ajabu zaidi ni mshale wa joto la injini: nikiwasha taa kubwa unapanda, nikizizima unashuka papo hapo. Nimeshasimama mara mbili njiani, nikafungua boneti na kukuta rejeta imetulia, haina hata mvuke. Zaidi ya hayo, fyuzi ya taa ndogo, ile ya ampea 10, huungua kila baada ya wiki mbili au tatu, hasa nikiwa na mzigo kwenye barabara ya mashimo.

Fundi wa kwanza alisema ni betri. Nikanunua mpya, ikafa kabla ya miezi sita, nikanunua nyingine. Fundi wa pili alisema ni altaneta, ile mashine inayochaji betri. Ili kuithibitisha alichomoa kichwa cha betri huku injini inanguruma, na redio ikanyamaza pale pale, haijasema tena mpaka leo. Nikaagiza altaneta ya mtumba kutoka Unguja, ikafungwa, nikapumua wiki tatu. Sasa tumerudi tulipoanzia. Naomba mnielekeze nianzie wapi, kwa sababu kununua kwa kubahatisha kumenimaliza.

Fundi umeme wa magari, Mwanakwerekwe

Waalaykum salaam ndugu yangu wa Wete. Kwanza nakuomba usinunue kitu chochote mpaka upime. Pili, mtu yeyote asichomoe tena kichwa cha betri wakati injini inafanya kazi. Najua gereji nyingi hufanya hivyo na kuona ndiyo njia ya kujaribu altaneta, lakini betri ndiyo inayotuliza volti za gari nzima. Ukiiondoa ghafla, volti huruka juu kwa kitambo kidogo, na kitambo hicho kinatosha kuua diodi, regyuleta, au redio kama ulivyoshuhudia mwenyewe.

Katika yote uliyoyaeleza, la thamani kubwa kwangu ni mshale wa joto. Taa kubwa haziwezi kuichemsha injini kwa sekunde moja na kuipoza kwa sekunde moja. Kinachopanda pale si joto, ni volti. Umeme wa gari ni wa kwenda na kurudi, kama meli ya Mkoani na bandari ya Malindi, Unguja: iliyokwenda isiporudi, kesho hakuna safari. Unatoka upande chanya wa betri, unapita kwenye waya na balbu, kisha unarudi upande hasi kupitia bati la bodi, chesisi, na zile kebo fupi za ethi zinazounganisha betri, injini na bodi. Kebo hizo zikila kutu, umeme wa taa hukosa njia pana ya kurudia, bodi nzima inapanda volti kidogo kuliko injini, na geji, ambayo imeshika bodi huku kipimajoto chake kimeshika injini, inadanganyika. Taa yako ya kushoto ina ugonjwa wa jamii hiyo hiyo, ila wa pale pale kwenye taa: umeme wa breki ukikosa ethi hutafuta njia ya kurudia kupitia uzi wa balbu ya jirani, ndiyo maana moja inafifia na nyingine inakonyeza bila kuitwa.

Tafuta mita ya kupimia volti, hata ya bei ndogo, na msaidizi mmoja wa kushika ufunguo. Asubuhi kabla ya kuwasha, pima betri yenyewe: iliyojaa inasoma karibu volti 12.6, na ikisoma 12.2 ujue imebaki nusu. Kisha chomoa waya wa kikatia mafuta ulio juu ya pampu ya dizeli ili injini izunguke bila kuwaka. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri, yaani risasi yenyewe na si kile kishikio kilichoizunguka, na ncha ya pili kwenye chuma kitupu cha injini. Msaidizi azungushe stata na wewe usome. Hapo hutafuti volti nyingi, unatafuta zilizopotea njiani. Kebo isiyo na ubovu haipotezi zaidi ya volti 0.2 au 0.3, ikifika 1 una tatizo. Ncha hiyo ya pili ihamishie kwenye bodi, washa taa kubwa, usome tena. Mwisho rudisha waya wa pampu, washa injini na taa, upime kwenye altaneta yenyewe, kutoka nguzo yake kubwa hadi gamba lake, na papo hapo upime kwenye betri. Namba hizo mbili zinatakiwa zikaribiane sana, na ya betri iwe baina ya 13.8 na 14.4. Ukimaliza tuletee namba, si maoni ya fundi.

Fundi wa mashine za boti, Mkoani

Mimi si fundi wa magari, ila kuhusu maji ya chumvi na waya nina miaka yangu. Umesema unabeba samaki na mwani mbichi. Barafu ikiyeyuka, maji yale hayabaki juu. Yanapita kwenye matundu ya sehemu ya mzigo na kuangukia moja kwa moja juu ya mkungu wa nyaya unaofuata chesisi kwenda taa za nyuma. Waliotengeneza gari waliufunga kwa tepu ili kuulinda. Baada ya miaka 30 tepu hiyo imekuwa kama utambi, inanyonya chumvi na kuishika, na hewa yetu ya masika haiipi nafasi ya kukauka. Ndiyo maana kiangazi unapata nafuu.

Ukikata waya wa namna hiyo utashangaa. Juu mpira mzima, ndani shaba imegeuka nyeusi, na ukiibana kwa kidole inavunjika kama jani kavu la mgomba. Kutu hiyo hutambaa ndani ya mpira mbali na pale maji yalipoingilia, kwa hiyo usikate mahali penye ukijani tu na kuunga. Endelea kurudi nyuma hadi uone shaba inayong'aa. Ukikosa, toa waya wote. Sisi kwenye boti tunatumia waya ambao kila uzi wake wa shaba umepakwa bati, na viungo tunavifunika kwa mpira unaojikaza kwa moto wenye gundi ndani. Tepu tupu haizuii chumvi, inaificha tu.

Fyuzi inayoungua kwenye mashimo ni waya uliochubuka unaogusa chesisi gari inapotikisika. Wala usiingie chini kwa kubahatisha. Toa balbu zote za taa ndogo, nyuma, mbele na za sahani ya namba, kisha mahali pa fyuzi iliyoungua unganisha balbu ya wati 21 kwa nyaya mbili. Washa swichi ya taa ndogo. Balbu yako itabaki giza, au itafifia sana kwa sababu ya taa za dashibodi. Sasa mtu aushike mkungu wa nyaya na kuutikisa kidogo kidogo kutoka mbele kwenda nyuma. Mara tu balbu ikiwaka kwa nguvu, mkono wake uko juu ya ugonjwa. Kwa njia hii huchomi hata fyuzi moja. Na nakusihi usifuate wale wanaozungushia karatasi ya sigara au kuweka fyuzi ya 30 ili "itulie". Itatulia kweli, na kitakachowaka baadaye ni gari.

Muuza spea, Darajani

Kaka yangu, niongeze jambo moja kwa upande wa dukani. Ukifika kununua kebo za betri, chukua kisu ukwangue uzi mmoja. Zipo kebo nene za kupendeza macho ambazo ndani ni alumini iliyopakwa shaba juu juu. Ukikwangua unaona weupe. Hizo hupitisha umeme kwa shida zaidi, na penye chumvi huoza haraka kuliko ile uliyoitupa. Kwa stata ya dizeli omba shaba tupu isiyopungua milimita za mraba 35, na kichwa kibanwe kwa mashine ya kubania, si kwa nyundo. Wateja huniambia ni ghali. Mimi huwauliza betri mbili zimegharimu kiasi gani.

Muulizaji, Wete

Ahsanteni sana. Nimepata mita ya kuazima kwa mwalimu wa amali hapa jirani, na nimepima kama nilivyoelekezwa.

Betri asubuhi, kabla ya kuwasha: 12.1. Nguzo hasi hadi injini, stata ikizunguka: 1.4. Nguzo hasi hadi bodi, taa kubwa zikiwaka: 0.9. Altaneta kwenye nguzo yake hadi gamba lake, injini ikinguruma na taa zikiwaka: 14.3. Betri wakati huo huo: 13.2.

Jambo jingine ambalo sikuulizwa: nilipokuwa nimeinama karibu na betri niligusa kile kipande cha waya wa fyuzi kuu kinachotoka upande chanya, nikauondoa mkono haraka kwa moto wake. Fundi wangu anasema waya wowote unapata joto, ni kawaida. Je, ni kweli?

Fundi umeme wa magari, Mwanakwerekwe

Si kawaida hata kidogo, na mkono wako umefanya kazi kuliko mita. Namba zako zinazungumza vizuri, hebu tuzisome.

Altaneta inatoa 14.3, kwa hiyo ni nzima. Na sina hakika kama ile ya kwanza ilikuwa mbovu kabla ya kuchomolewa betri. Lakini kati ya altaneta na betri unapoteza volti 1.1. Kebo hasi ya injini inakula sehemu ndogo tu ya hizo wakati wa kuchaji, kwa sababu umeme unaopita ni mdogo sana ukilinganisha na wa stata. Zilizobaki, karibu volti nzima, zinaliwa upande chanya, na ukiniuliza wapi nitakwambia ni pale ulipoungua. Tuseme zinapita ampea 20: volti moja mara ampea 20 ni wati 20, joto la balbu ya indiketa lililokusanyika kwenye kiungo kisichozidi ukucha. Betri inayopokea 13.2 kwa safari fupi za alfajiri, taa na wipa vikiwa vinafanya kazi, haijai hata siku moja. Na betri ya risasi inayokaa nusu kila siku hujenga ugumu kwenye bati zake mpaka ikakataa kabisa kupokea. Betri zako mbili hazikuwa mbovu, zilikufa kwa njaa.

Ile 1.4 ni kebo hasi ya injini, ndiyo inayoinyang'anya stata nguvu. Ile 0.9 ni ethi ya bodi, ndiyo inayomdanganya mshale wako. Badilisha kebo hasi ya injini, ongeza kebo mpya ya ethi kutoka injini hadi bodi na nyingine kutoka injini hadi chesisi, na weka waya mpya wa fyuzi kuu wa kiasi kile kile cha asili, si waya wowote mnene uliopatikana. Kila panapofungwa kebo, kwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kiwe cheupe, kaza, kisha paka grisi juu yake. Grisi inapakwa baada ya kukaza, maana kazi yake ni kuziba hewa. Vichwa vya betri vioshe kwa maji ya magadi, vizibo vya betri vikiwa vimefungwa barabara, na siku zote anza kufungua upande hasi.

Kabla hujaacha mita, pima pia umeme unaovuja gari ikiwa imezimwa: fungua kichwa hasi, weka mita kwenye ampea baina ya kichwa na nguzo, milango imefungwa. Gari ya umri huo isizidi ampea 0.05.

Dereva mstaafu, Chake Chake

Wanangu, yote mliyoyasema ni sawa, ila mtazame na nyuma ya altaneta. Injini hizi za L, kama 3L yako, zina pampu ya vakyumu, yaani ya kuvuta hewa ili breki iwe nyepesi, imefungwa kwenye altaneta hiyo hiyo, na inalainishwa kwa oili ya injini. Sili ikichoka, oili inaingia ndani, inarowesha kaboni, vile vipande vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka, na altaneta nzima inageuka kuwa mgonjwa. Ya mtumba kutoka Unguja huenda ikaja na sili iliyokauka. Pafute kwa kitambaa; kitambaa kikirudi cheusi na chenye mafuta, shughulikia sili kabla hujalazimika kununua altaneta ya tatu.

Muulizaji, Wete

Narudi kwenu baada ya siku kumi na mbili. Kitambaa, mzee wangu, kilirudi kikavu, alhamdulillah.

Kebo hasi nilipoivua, kichwa chake kilibaki mkononi na waya ukabaki kwenye gari. Ulikuwa umeshikwa na nyuzi zisizozidi kumi. Ethi ya bodi ilikuwa imefungwa juu ya rangi, pengine na aliyeipaka gari upya kabla yangu. Nimeweka kebo mpya tatu na waya wa fyuzi kuu, na sasa betri inasoma 14.1 taa zikiwaka. Mshale wa joto umetulia mahali pake, niwashe nisiwashe. Chini ya sehemu ya mzigo, balbu ya wati 21 iliwaka tulipofika kwenye kibanio cha pili kabla ya tairi la nyuma: kibanio chenyewe kilikuwa kimekula mpira hadi kwenye shaba. Nimetoa mkungu wote kuanzia hapo hadi taa za nyuma na kupitisha waya mpya ndani ya bomba la plastiki, juu ya ubavu wa chesisi ambako maji ya samaki hayafiki.

Umeme unaovuja ulikuwa ampea 0.18. Nilitoa fyuzi moja moja, ulipofika zamu ya redio mita ikashuka hadi 0.02. Redio ile ile iliyokufa, haisemi neno, kumbe bado inakula. Nimepiga hesabu: ampea 0.18 kwa saa 24 ni zaidi ya ampea-saa 4 kila siku, kwa hiyo nikikaa Unguja wiki moja narudi nakuta betri ya ampea-saa 70 imekaribia nusu. Nimeichomoa.

Limebaki moja. Jana pale Konde, injini ikiwa ya moto, stata imetoa "tak" tena. Taa za dashibodi hazikufifia. Nimejaribu mara ya nne ndiyo ikazunguka.

Fundi umeme wa magari, Mwanakwerekwe

Mwanzoni ulitueleza kwamba siku nyingine taa zinafifia na siku nyingine hazififii, nami nikalipita bila kulitilia mkazo. Kosa ni langu. Hizo zilikuwa hitilafu mbili zenye mlio mmoja. Taa zikififia, stata inaomba umeme mwingi na njia haitoshi, na hilo umeshalitibu. Zisipofifia, stata haipati hata chembe ya umeme mkubwa ingawa sumaku yake imevuta. Ndani ya sumaku ile kuna vipande viwili vya shaba na kisahani kinachovigonga ili kuunganisha. Kwenye stata za Toyota za aina hii vipande hivyo huliwa taratibu, mpaka kisahani kinafika na kugusa upande mmoja tu. Ili uhakikishe, ikitoa "tak" pima baina ya nguzo mbili kubwa za stata huku ufunguo umeshikiliwa. Ukisoma karibu 12, shaba zimeisha. Ukisoma karibu sifuri, zinafanya kazi na utafute kaboni. Shaba hizo huuzwa peke yake, huna haja ya kununua stata.

Muulizaji, Wete

Nimesoma 11.9. Tumeishusha stata na kuifungua juu ya jamvi uani: kipande kimoja cha shaba kina unene wake wote, cha pili kimeliwa kwa mshazari hadi kichwa cha bolti kikaonekana. Muuza spea wa Darajani, dada yangu, kama unazo shaba hizo za 3L naomba uniwekee jozi moja. Kuna kijana wangu anakuja na meli ya kesho.